Mji Ukifika Mpakani mwa Shamba

Ndugu mkulima wa Sotik, mashamba ya Wazungu yalipogawanywa miaka ya 1960, wazee wetu walipewa ardhi kwa mkopo, nao wakailipia kwa jasho. Leo mji umetambaa hadi kwenye michai. Jirani yako mpya hana ng'ombe. Ana nyumba ya mabati na watoto wa shule.

Jirani huyu si adui. Kila siku anataka maziwa, mayai na sukuma wiki, na wewe unavyo. Basi panda ua imara mpakani, weka samadi mbali na dirisha lake, wala usinyunyize dawa upepo ukivuma kwake.

Kisha atakuja mtu anayetaka kununua kiwanja. Piga hesabu kwanza. Ekari ni futi za mraba 43,560. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni 5,000. Ekari haizidi viwanja 8, na ukikata njia hupungua. Fedha ya kiwanja huliwa mara moja. Chai huchumwa mwaka mzima.

Ukiamua kuuza, fuata sheria ya 1967. Omba kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano. Bila kibali, mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili. Tena mkeo au mumeo aridhie.

Kabla ya kuweka sahihi, nenda ofisi ya ardhi ukaulize. Shamba likishakatwa vipande, halishoneki tena.