Kijiti, Wavu na Vumbi la Karasha

Mwanamke wa Kahama aliyewekewa kijiti cha uzazi wa mpango na mchimbaji wa Nyarugusu aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri wanafanana kwa jambo moja: huenda wote wawili wanatembea na plastiki mwilini. Kijiti cha Implanon kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, na ni plastiki inayoachia homoni kidogo kidogo kwa miaka 3. Wavu wa kuzibia ngiri mara nyingi ni wa polipropilini, plastiki ileile ya mifuko ya salfeti ambayo wachimbaji hubebea mawe ya dhahabu.

Watu huuliza: mbona mwili haukatai vitu hivyo? Unavikataa, ila kwa namna inayotufaa.

Plastiki ikishaingia, protini za damu huigandia papo hapo, na seli za kinga hukuta protini hizo kwanza. Seli za kinga za kwanza, nyutrofili, hufika ndani ya saa chache. Baada ya siku moja au mbili huja makrofeji, seli ambazo kazi yake ni kumeza. Bakteria humezwa bila shida. Lakini makrofeji moja ina upana wa takriban sehemu ya 50 ya milimita, na kijiti kina urefu mara 2,000 ya hapo. Basi kadhaa huungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, inayojitandaza juu ya plastiki na kuimwagia tindikali. Kijiti hakiyeyuki. Hapo huitwa seli za kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za kovu, na baada ya wiki chache kijiti kimefungwa ndani ya ganda jembamba la kovu.

Mwanasayansi Élie Metchnikoff aliona mwanzo wa jambo hili mwaka 1882 huko Messina, Italia. Alichomeka miiba ndani ya lava wa kiti cha pweza, na kesho yake akakuta seli zimeizingira. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ganda hilo ndilo jibu kwa uvumi kwamba kijiti hutembea hadi moyoni. Kikiwekwa vizuri, chini tu ya ngozi, kovu hukishika palepale. Visa vya kijiti kuingia kwenye mshipa wa damu vimeripotiwa duniani, lakini ni adimu mno, na huhusishwa zaidi na kuwekwa kwa kina kupita kiasi. Siku ya kukitoa, mhudumu hupasua ngozi kidogo, hukata ganda, ndipo kijiti kinapochomoza. Kwa hiyo anayekitoa mwenyewe kwa wembe anajitafutia balaa: vijidudu vikishajikita juu ya plastiki, seli za kinga na hata dawa huvifikia kwa shida.

Kwenye wavu wa ngiri, kovu ndilo tunalolitaka hasa. Linapenya kwenye matundu na kushikamana kama zege na nondo, na kinena kinapata nguvu. Majirani zetu wamelithibitisha hilo kwa gharama ndogo. Utafiti wa mashariki mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, uliwagawa wanaume 302: wengine wakawekewa wavu wa kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichotakaswa kihospitali. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na hakuna katika kundi la pili. (Chandarua cha kitandani kwako usikiguse; kina dawa ya mbu.)

Sasa tazama vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Chembe ya silika iliyomo humo ni ndogo kiasi cha kumezwa, na hapo ndipo penye hatari. Makrofeji ya mapafu huimeza, chembe hutoboa vifuko vya ndani vya kumeng'enyea, seli hufa, silika hutoka nzima, nyingine huimeza tena. Kila mzunguko huacha kovu, na hapa kovu halina faida yoyote: hukakamaza pafu na kukifungulia mlango kifua kikuu. Kijiti hutolewa kwa dakika chache. Vumbi lililozama kwenye mapafu halitolewi, na makovu ya ugonjwa huu, silikosisi, hayana dawa ya kuyaondoa. Wenye makarasha wa Geita na Shinyanga, mwagieni mawe maji kabla ya kusaga.