Dungu la Mtoto Uani

Mwenye kusafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya, akiisha kuupita mji wa Makambako na kuanza kuteremka kuelekea Chimala na Igurusi, hulikuta bonde la Usangu limetandaa upande wake wa kulia. Na ikiwa safari yake imeangukia majira ya mpunga kupevuka, huenda akaona katikati ya majaruba vibanda vidogo vilivyosimama juu ya miguu mirefu, kila kimoja na paa lake la nyasi. Hayo ni madungu ya kulindia ndege. Ujenzi wake ni elimu kamili ijapokuwa haikuandikwa kitabuni: nguzo nne zenye panda, zilizochaguliwa porini kwa jicho na si kwa futikamba, boriti mbili zilizolala juu ya panda zile, fito zilizopangwa zikawa sakafu, na kamba za magome zilizofungwa mbichi, ili zikikauka zikaze kuliko mkono wa mwanadamu uwezavyo kukaza.

Waliokaa juu ya madungu hayo, tangu zama za mababu, aghalabu walikuwa watoto, na hawakupandishwa kwa anasa. Kwelea kwelea mmoja hula punje zenye uzito wa gramu kumi hivi kwa siku, kiasi kisichomtisha mtu hata akiwaona ndege mia. Lakini kundi la ndege milioni mbili, ambalo si nadra, huweza kuteketeza tani 20 za nafaka baina ya macheo na machweo, na ndiyo maana mkulima wa Usangu alimtoa mwanawe kitandani alfajiri, akampa kombeo, akamwekea kamba zilizotawanyika shambani kutoka dunguni zikiwa zimefungwa madebe, ili kila akivuta kamba pande zote zipige kelele. Kazi ile ilikuwa nzito. Ilimnyima mtoto darasa, ikamkalisha juani na mvuani wiki nyingi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilipoyafanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima, ilitenda insafu iliyokuwa imechelewa.

Walakini pamoja na kazi ile palikuwa na kitu kingine, ambacho hakuna sheria iliyokusudia kukiondoa. Mtoto wa dunguni alikuwa na mahali pake. Aliiona dunia kutoka juu, yeye ambaye siku zote huiona kutoka chini, katikati ya magoti na viuno vya wakubwa. Alijua kabla ya baba yake nani anakuja njiani na mvua inatoka upande gani. Alikaa faraghani na fikira zake, akaimba bila ya kuambiwa anyamaze. Kazi ilipomwondokea, kwa haki, kimo nacho kilimwondokea, na hakuna aliyefikiri kumrudishia. Leo katika mitaa ya Forest na Uyole kule Mbeya, na katika Kihesa na Mkimbizi kule Iringa, mtoto anakua ndani ya ukuta wa matofali na geti la chuma, akitoka sebuleni kwenye televisheni kwenda chumbani kwenye simu ya mama yake. Wa mtaa wa Gangilonga kule Iringa angalau wana lile jiwe kubwa juu ya mji, ambalo masimulizi ya Wahehe hulihusisha na Mtwa Mkwawa, na ambalo vijana hulipanda jioni kulitazama jua likizama. Wengine hawana hata kichuguu. Nasema basi, na nalisema kwa moyo wote, kwamba kila mzazi wa nyanda hizi za Iringa na Mbeya mwenye ua na uwezo wa kununua mbao chache ana wajibu wa kumjengea mwanawe dungu lisilo na shamba, dungu la kuchezea.

Wajibu si neno kubwa mno hapa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao ibara yake ya 31 inamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza; na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapoyataja mambo ambayo mzazi ni lazima ampe mtoto, chakula, makazi, mavazi, matibabu na elimu, inauweka mchezo katika orodha hiyohiyo. Tumezoea kuyahesabu yale ya mwanzo na kulisahau hili la mwisho, kana kwamba liliongezwa kwa adabu tu.

Wala wakubwa wenyewe hawaidharau raha ya kukaa mtini. Ila huifanya ghali. Mwaka 1932, katika milima ya Aberdare nchini Kenya, Eric Sherbrooke Walker alifungua malazi ya Treetops juu ya mgumo, vyumba vichache vya mbao ambamo wageni walikesha wakiwatazama tembo na vifaru waliokuja kunywa maji chini yao. Ndimo alimokuwa Elizabeth, binti wa mfalme, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki Uingereza. Jengo lile lilichomwa moto mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, likaja kujengwa jingine. Na kwetu, katika kisiwa cha Chole, Mafia, wageni hulala katika nyumba zilizojengwa mitini miongoni mwa mibuyu. Sioni kwa nini jambo ambalo mtu mzima hulifuata kwa ndege na kulilipia kwa dola lionekane upuuzi anapoliomba mtoto wa miaka saba kwa baba yake.

Tuje kwenye mti, maana hapa ndipo wengi hukosea na ndipo pasipo ruhusa ya kukosea. Mlingoti, ambao umeenea katika nyua zetu kwa kuwa hukua upesi, haufai: matawi yake huanza juu mno, na una desturi ya kuangusha tawi zima bila ya upepo wala ishara. Mparachichi, fahari ya Rungwe, unapendwa na watoto na hupandika vizuri, lakini mti wake ni mwepesi kukatika na mizizi yake haiendi mbali chini. Kumwachia mtoto auparamie akachume tunda ni jambo moja, na kuutwika mzigo wa mchana na usiku ni jambo jingine. Mwembe ndio mfalme wa kazi hii, wenye shina nene na matawi yaliyokunjuka mapema, na mtu wa Kyela au wa Usangu asiutafute mwingine. Bahati mbaya baridi ya mji wa Mbeya, ulio kimo cha mita 1,700 hivi juu ya bahari, haiupendezi mwembe. Huko juu mtu atazame mjakaranda wa zamani wenye afya, wenye shina lisilokumbatika kwa mikono ya mtoto, lisilo na tundu wala uyoga tumboni.

Na mti, tofauti na nguzo, ni kiumbe hai. Watu huogopa kwamba ukikua utakinyanyua kibanda mawinguni, na hofu hiyo haina msingi, kwa sababu mti hurefuka nchani tu; msumari uliopigwa shinani katika kimo cha kifua utabaki katika kimo hichohicho hata baada ya miaka ishirini. Shina hunenepa. Kwa hiyo sakafu izungukayo shina iachiwe nafasi ya inchi mbili au tatu kila upande, na kamba au waya usifungwe kulizunguka shina na kuachwa, kwani chakula cha mti hupita chini ya gome, na kulikaza gome pande zote ni kuunyonga mti polepole. Bolti moja nene, iliyopita katika tundu lililotobolewa kwa keekee, hudhuru mti zaidi kuliko msumari mmoja lakini kidogo kuliko misumari ishirini, na hubeba zaidi ya yote hiyo. Boriti ikikamatwa na matawi mawili, mwisho mmoja ukazwe na wa pili uachiwe kuteleza, madhali pepo za kusi, zivumazo juu ya nyanda hizi kuanzia Mei, huyayumbisha matawi kila moja kwa namna yake, na palipokazwa pote ndipo patakapopasuka.

Asiye na mti wa kufaa arejee Usangu, ambako dungu halikungoja mti. Ule mlingoti uliokataliwa ukiwa hai, ukiisha kukaushwa na kutiwa dawa katika viwanda vya Mafinga, ndio unaobeba nyaya za umeme. Vipande vinne vyake, vikichimbiwa futi mbili na nusu ardhini, vitabeba watoto wa mtaa mzima na mchwa hawatavigusa. Kwa kuwa dawa hiyo ni sumu, mbao za sakafu na za ukingo, ambako mkono na mdomo wa mtoto hufika, ziwe mbao za msonobari wa Saohill zisizotiwa dawa, zilizopigwa randa na kupakwa rangi. Mbili kwa sita kwa boriti, moja kwa sita kwa sakafu, zikiachiana upenyo mdogo wa maji. Sakafu ya futi tano kwa sita yatosha, na kimo cha futi tano kutoka ardhini ni mlima kwa mtoto. Ukingo uwe futi tatu, na nafasi baina ya fito zake isifike inchi nne, ili kichwa kisipite. Chini pamwagwe maranda au mchanga wa kina cha shibiri moja na zaidi, saruji isikaribie.

Kazi hii ifanywe kiangazi, Julai hata Oktoba, na mtoto awepo tangu siku ya kuchagua mti. Ashike ncha ya futikamba, asome pimamaji, achague dirisha litazame wapi, mlima Loleza au barabarani. Binti apewe nyundo sawasawa na kaka yake. Mashambani wasichana walifukuza ndege kama wavulana, na sijui ni lini tuliamua kwamba kupanda juu si jambo lao. Kibanda kikiisha kiwe chake, na mkubwa atakaye kuingia abishe hodi. Amri ya mzazi ibaki moja isiyojadiliwa, kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika mtoto ashuke hima, kwani mvua za Novemba hata Aprili hapa kwetu huja na radi, na radi hutafuta kilicho kirefu. Mvua zikikoma Mei, fundi apande yeye kwanza: akaze bolti, agonge kila ubao asikilize kama umeoza, apanue nafasi ya shina ikiwa imekwisha kujaa, ndipo amwite mtoto.