Land Rover iliyo juu ya mawe: mali au mzigo?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

Ukipita nyuma ya nyumba za Shinyanga mjini, Kahama, Katoro au Geita, hukosi kuiona. Ni Land Rover ya zamani, imewekwa juu ya mawe, matairi yametolewa, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Mwenyewe ukimuuliza atakuambia kwamba haiuzi, ataitengeneza mwakani.

Mwakani hiyo imekuwa miaka kumi kwa wengi. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hili si jambo la kuchekea. Gari lililokaa ni fedha iliyokaa. Wazee wa Kisukuma waliweka akiba kwenye ng'ombe kwa sababu ng'ombe akikaa huzaa. Gari likikaa huoza. Wiki hii tunatazama hesabu ya kulifufua gari kuukuu nyumbani: nani atapata faida, na nani atazika mtaji wake kwenye kutu.

YALITOKA WAPI

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Magari yanayoonekana sana nyuma ya nyumba ni yale ya springi za bamba, hasa 109 ya toleo la tatu lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Namba 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwaka 1983 ikaja 110, yenye springi za koili.

Katika ukanda huu magari hayo yalikuwa ya kazi. Kulikuwa na almasi ya Mwadui tangu Dk. John Williamson aigundue mwaka 1940, kulikuwa na pamba, na kulikuwa na ofisi za serikali na mashirika ya umma. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarejeshwa miaka ya 1980. Msimu wa 1994/95 ukaleta soko huria la pamba, na mashirika mengi ya umma yakauzwa au kupunguzwa katika miaka hiyo hiyo. Magari yakapigwa mnada, yakaingia mikononi mwa watu binafsi, yakafanya kazi hadi yalipokataa. Hapo ndipo yalipowekwa juu ya mawe.

BODI INADANGANYA

Mnunuzi mgeni huangalia bodi. Hapo ndipo anapoanza kupoteza. Bodi ya Land Rover za zamani kwa sehemu kubwa ni alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma. Baada ya miaka 40 bado inaweza kung'aa kwa maji na sabuni. Lakini chesisi yake ni chuma, tena chuma cha sanduku, chenye uwazi ndani.

Shinyanga ni mkoa mkavu, na hiyo ni faida yetu. Gari lililoishi hapa kwa kawaida lina chesisi nzuri kuliko lile lililoishi Tanga au Dar es Salaam kwenye hewa ya chumvi. Hata hivyo tunao udongo mweusi wa mbuga. Tope la mbuga likiingia ndani ya chesisi hukaa humo na kushika unyevu muda mrefu baada ya mvua kwisha. Gari laoza kutoka ndani huku nje likionekana zima.

Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi yote kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe bovu. Gonga zaidi kwenye mkingamo wa nyuma, kwenye mashikio ya springi na kwenye mikono inayobeba bodi. Kisha inua mikeka na utazame chini ya miguu ya dereva, maana ukuta ule unaotenga injini na chumba cha dereva nao ni wa chuma. Usihangaike kupima puti kwa sumaku kwenye mabawa na milango. Alumini haishiki sumaku hata ikiwa safi.

Kama chesisi imeoza sehemu moja au mbili, fundi mzuri wa kuchomelea ataikata na kuweka chuma kipya. Kama imeoza kila mahali, acha. Hapo unanunua spea, hununui gari, na bei iwe ya spea.

MPANGILIO WA KAZI

Kazi ya nyumbani hufa kwa sababu huanzia mahali pasipofaa. Wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana na jirani. Baadaye fundi anachomelea chini, rangi inaungua, wanapaka mara ya pili. Rangi iwe ya mwisho.

Kwanza, safisha. Toa tope lote, hata lile lililo ndani ya chesisi. Kila unachofungua kipige picha kwa simu na ukiwekee alama. Gari likikaa limefunguliwa miezi sita, hakuna fundi anayekumbuka bolti ipi ilikuwa wapi.

Pili, chesisi. Usimruhusu mtu yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo au stendi imara. Na chuma kinapokutana na alumini weka rangi nzito au mpira katikati, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa.

Tatu, breki na usukani. Gari lililokaa miaka mingi mipira yake ya breki imekauka, hata kama pedali inashuka vizuri siku ya kwanza. Badilisha mipira yote, masta silinda pamoja na ya kila gurudumu. Tazama na zile tufe za chuma kwenye magurudumu ya mbele. Zikiwa na mashimo zitavujisha oili kila siku.

Nne, injini. Injini ya kawaida ya 109 ni ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Usilisukume gari ili liwake. Toa plagi, au nozeli kama ni dizeli, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, uache siku mbili. Mwaga mafuta ya zamani, oili na maji. Kisha zungusha taratibu kwa hendeli, maana magari haya yaliumbwa na hendeli. Ikizunguka, una bahati. Ikigoma, ongeza oili na subira. Ukilazimisha utavunja ringi, na gharama itaongezeka kwa siku moja.

Tano, waya. Panya hula waya, na waya uliomenywa huchoma gari. Kwa gari la umri huu ni rahisi zaidi kutandika waya mpya zote kuliko kufukuzana na hitilafu moja moja.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei za soko. Mnunuzi wa mpunga wa Kahama anapata 109 mbovu kwa sh. milioni 4. Fundi anamwambia milioni 6 zitatosha. Ukaguzi ukishaanza kazi huongezeka, hivyo aongeze theluthi: milioni 2. Jumla milioni 12. Kazi inachukua miezi 18. Gari zima la aina hiyo, tuseme, linauzwa milioni 13. Dalali anampongeza kwa faida ya milioni 1.

Dalali amesahau jambo. Fedha hiyo ingezunguka kwenye mpunga. Tukikadiria faida ya asilimia 20 kwa mwaka, milioni 4 za mwanzo zilizolala miezi 18 zingeleta sh. 1,200,000. Milioni 8 za matengenezo zilitoka kidogo kidogo, kwa wastani zililala miezi tisa. Nazo zingeleta sh. 1,200,000. Gharama ya kweli ni milioni 14.4. Aliyepongezwa amepata hasara ya milioni 1.4.

Sasa tuseme halitaki la kuuza bali la kubebea mzigo mashambani, ambako amekuwa akikodi gari kwa sh. 60,000 kila safari. Kwa gari lake mwenyewe mafuta na uchakavu ni sh. 35,000. Anaokoa sh. 25,000. Kwa safari mbili kwa wiki, kama safari 100 kwa mwaka, ameokoa milioni 2.5. Ile hasara ya milioni 1.4 inafutika katika muda wa miezi saba hivi.

Gari ni lile lile, gharama ni ile ile. Kilichobadilika ni matumizi. Kila msomaji aweke tarakimu zake na afanye hesabu hii kabla ya kutoa hata senti.

INJINI YA ASILI AU YA KUPANDIKIZA?

Hapa mafundi hugombana. Injini ya petroli ya 109 inakunywa sana, na kwa gari la kazi hiyo ni hasara ya kila siku. Ndiyo maana wengi hupandikiza injini ya dizeli ya Kijapani ambayo spea zake ziko kila mji.

Kwa gari la kazi uamuzi huo una maana. Lakini wenye ndoto ya kuwauzia wakusanyaji wa ng'ambo wajue kwamba wanaharibu bidhaa. Mkusanyaji hununua gari lenye injini, chesisi na kadi vinavyolingana. Ni kweli soko hilo lipo. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na mwaka huo huo kampuni yenyewe ilianza kufufua na kuuza magari ya toleo la kwanza. Nyumbani, Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari hayo. Hata hivyo kati ya uwanja wako wa Kahama na mkusanyaji kuna usafiri, bandari, dalali na ukaguzi. Usikope kwa kutegemea soko hilo.

KARATASI KWANZA

Magari mengi yamepita mikono mitatu au minne kwa maneno matupu. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi. Kama mwenye kadi amefariki, shughuli ni ya msimamizi wa mirathi, siyo ya mtoto mmoja aliyebaki nyumbani. Ukibadilisha injini, mabadiliko yaandikishwe TRA. Habari njema ni kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, hivyo gari lililosimama halikuongezei deni hilo tena.

UPEPO WA DHAHABU

Jambo la mwisho ni bei ya dhahabu. Machi 2025 ilivuka dola 3,000 kwa wakia, na Oktoba mwaka huo ikavuka 4,000. Geita imekuwa na soko rasmi la madini tangu Machi 2019, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwa anayefuata spea Mwanza. Fedha zikizunguka machimboni, kila chenye magurudumu manne hutajiwa bei ya juu, na hata wamiliki wa magari yaliyo juu ya mawe wanajua hivyo.

Ushauri wetu: mwenye gari bovu asiyekuwa na kazi nalo, huu ni wakati wa kuuza. Mwenye kazi ya kila wiki, anunue baada ya nyundo kulia vizuri na kadi kulingana, atenge fedha yote kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na asiguse mtaji wa msimu. Asiye na kazi wala fedha kamili, awaachie kuku kiti chao.