Mtu Mzima Kusomea Kompyuta Si Aibu

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Neno hili ni la hekima, ila siku hizi limegeuzwa kufuli. Mwalimu, muuguzi au karani aliyefikia miaka 45 akisema ataka kusomea kompyuta hadi shahada ya uzamili, husikia vicheko: "Hayo waachie vijana!" Naye hunyamaza, akahesabu karo ya wanawe, akaacha.

Mtu huyo akiwa Manyatta, kule Embu, chini ya Mlima Kenya penye michai na mibuni, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Chuo Kikuu cha Embu chenyewe kilibadili kazi ukubwani. Mwaka 1947 palianzishwa hapo chuo cha kilimo. Mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2016 kikapewa hati ya kujitegemea. Leo kompyuta yasomeshwa mahali palipokuwa pakifunzwa mabwana shamba, na kilimo nacho hakikutupwa.

Nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani, aliketi nasi mkekani baharia mmoja mwenye mvi. Tulimcheka alipokuwa akikwama kwenye herufi. Miaka ilipopita tukaingia hesabu za mirathi, yeye ndiye aliyefahamu upesi. Alikuwa amegawana mapato ya chombo na wenziwe maisha yake yote.

Na hesabu hizo, msomaji, haziko mbali na kompyuta. Mtu akifariki akaacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, wala hana wazazi walio hai, kwanza hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia. Mke hupewa thumuni. Kinachobaki hufanywa mafungu matatu: mawili ya kijana, moja la binti. Basi katika sehemu 24, mke ana 3, kijana 14, binti 7. Hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja: hivyo ndivyo kompyuta inavyoamrishwa. Utaratibu wa namna hiyo mafundi huuita algorithimu, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa inayohusu mirathi.

Tena tusisahau kwamba wanafunzi wa mwanzo wa elimu hii wote walitoka fani nyingine. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianzisha mwaka 1953 stashahada ya kompyuta kwa watu waliokwisha kupata digrii. Digrii zao zilikuwa za mambo mengine, kwa kuwa ya kompyuta ilikuwa haijazaliwa. Hapa Kenya, rai ya kuanzisha Ushahidi, mtambo uliokusanya habari za fujo za uchaguzi mwaka 2008, ilitolewa na mwanasheria, Ory Okolloh.

Basi mtu mzima haji mikono mitupu. Muuguzi ajua kwa nini daftari la wagonjwa hupotea. Karani wa chama cha ushirika ajua kahawa ya mkulima hupungulia wapi kati ya mizani na malipo. Kijana fundi atayauliza hayo miaka mingi.

Lakini nia peke yake haitoshi. Masomo mengi ya uzamili wa kompyuta hudai digrii ya kwanza ya fani hiyo hiyo. Vyuo vyetu vingefanya hisani kuweka daraja: masomo ya awali ya hesabu na ya kuandika programu, kisha madarasa ya jioni na Jumamosi kwa wenye ajira. Nawe mwanafunzi mtarajiwa, kabla ya kutoa hata shilingi, uliza kama somo hilo limeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, karo yote ni kiasi gani, na nani atakushika mkono muhula wa kwanza.

Ukijibiwa ukaridhika, ingia darasani. Vijana watacheka siku mbili tatu. Siku ya nne watakuja kukuuliza mizani ya kahawa hufanya kazi vipi.