Uwekaji wa vigae katika jengo la biashara linalotumika

Uwekaji wa vigae katika jengo la biashara linalotumika ni kazi ya kubadilisha au kukarabati vigae vya sakafu na kuta katika duka, benki, hoteli, ofisi au jengo la maduka mengi bila kulifunga jengo zima. Inatofautiana na kazi ya jengo jipya kwa sababu fundi hana uhuru wa muda wala wa nafasi. Wateja wanapita, wapangaji wanauza, na asubuhi sakafu inatakiwa iwe imekauka kiasi cha kukanyagwa. Hivyo uchaguzi wa gundi, wa namna ya kukata na hata wa kubomoa au kutobomoa hutegemea saa zilizopo na watu waliomo ndani.

Uchunguzi wa sakafu ya zamani

Kazi huanza kwa kugonga. Fundi hupita na mpini wa nyundo au kipande cha chuma na kugonga kila kigae. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito, na kilichoachana na sakafu hulia kama debe tupu. Penye mlio wa namna hiyo huwekwa alama kwa chaki. Nyufa huchunguzwa pia: ufa unaokata vigae vingi kwa mstari mmoja mara nyingi unatoka kwenye zege lililo chini, na kigae kipya kikiwekwa juu yake bila kuutibu nacho kitapasuka mahali palepale.

Katika majengo ya zamani ya Marekani na Ulaya kuna hatari ya asbesto. Vigae vya vinili vilivyochanganywa na asbesto vilitumika sana kuanzia katikati ya karne ya 20 hadi miaka ya 1980, na gundi nyeusi iliyo chini yake inaweza kuwa nayo pia. Kipande hupimwa maabara kabla ya kuguswa. Ikithibitika ipo, mara nyingi ni salama zaidi kuviacha vigae hivyo vilipo na kuvifunika kuliko kuvivunja jengo likiwa na watu.

Kubomoa au kubandika juu

Kubomoa huleta kelele, kifusi na vumbi. Kwa hiyo wenye majengo wengi hupendelea vigae vipya vibandikwe juu ya vile vya zamani. Inawezekana, mradi vya zamani vimeshika, vimesafishwa mafuta na nta, uso wake unaong'aa umekwaruzwa au kupakwa rangi maalumu ya kushikiza, na gundi ni ile yenye polima. Saruji ya kawaida haishiki vizuri kwenye uso laini wa kigae.

Njia hii ina gharama zake zinazosahaulika. Kigae cha milimita 9 na gundi yake huinua sakafu kwa sentimita moja na zaidi. Milango inabidi ikatwe chini, na mlangoni mwa lifti panatokea kizingiti kinachoweza kumkwaza mzee au kuzuia kiti cha magurudumu, kwa hiyo huwekwa mteremko mdogo. Uzito nao huongezeka: mita moja ya mraba ya vigae vya porseleni vya milimita 10 ina takriban kilo 23, mbali na gundi. Katika ghorofa ya zamani mhandisi anapaswa kuulizwa kwanza.

Vumbi

Kigae, zege na saruji yenye mchanga vina silika. Vikikatwa vikavu kwa grainda hutoa vumbi laini sana, ambalo sehemu yake mbaya zaidi haionekani kwa macho. Likivutwa kwa muda mrefu husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa, na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya fuwele miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchini Marekani kanuni ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi.

Katika jengo jipya anayevuta vumbi hilo ni fundi na msaidizi wake. Katika jengo linalotumika huongezeka muuzaji, mteja na mtoto aliyefuatana na mama yake, nao hawana barakoa. Kwa sababu hiyo vigae hukatwa kwa mashine yenye maji, au kwa kile kikato cha mkono kinachokwaruza na kuvunja, ambacho hakitoi vumbi jingi. Eneo la kazi huzungushiwa nailoni nzito kutoka dari hadi sakafu, na matundu ya kiyoyozi huzibwa, maana kiyoyozi kikivuta vumbi chumba kimoja hulitapika katika vyumba vyote. Kufagia kwa ufagio mkavu ni kosa. Hutumika mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio laini, au kitambaa chenye maji. Maji ya mashine ya kukatia hayamwagwi kwenye sinki wala chooni, kwani tope lake hutuama na kuziba mabomba.

Saa za gundi

Zamani vigae viliwekwa juu ya tabaka nene la saruji na mchanga, lililohitaji siku kadhaa kukauka. Gundi nyembamba ya saruji yenye lateksi ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950, na baadaye zikaja zile zinazoshika haraka. Kwa kiwango cha Ulaya EN 12004, gundi ya haraka inatakiwa kufikia nguvu ya niutoni 0.5 kwa kila milimita ya mraba katika saa zisizozidi 6. Gundi ya kawaida kwa kawaida huachwa saa 24 kabla ya kujazwa mianya.

Chukua duka linalofungwa saa 2 usiku na kufunguliwa saa 2 asubuhi. Saa 12 zinaonekana nyingi. Lakini bidhaa zinahamishwa, vigae vya zamani vinabomolewa, sakafu inasafishwa na kusawazishwa, na mwisho bidhaa zinarudishwa. Kama gundi inahitaji saa 4 kabla ya kukanyagwa, kigae cha mwisho kinapaswa kuwa kimelala kabla ya saa 10 alfajiri. Ndiyo maana kila usiku hufanywa kipande kidogo tu. Mfano wa karibu ni vituo vya treni za chini ya ardhi za London, ambako mafundi hufanya kazi katika saa chache kati ya treni ya mwisho ya usiku na ya kwanza ya alfajiri.

Joto hubadilisha hesabu hii. Muda ambao gundi iliyopakwa hubaki tayari kupokea kigae hupimwa maabara kwenye nyuzi 23 za selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa joto hupita hapo kwa miezi mingi, na gundi hufanya ngozi mapema. Fundi mzoefu huigusa kwa kidole: isipoacha alama kidoleni, huikwangua na kupaka nyingine.

Haraka pia huzaa desturi mbaya ya kubandika kigae kwa madonge matano, manne pembeni na moja katikati. Chini hubaki uwazi, na toroli lenye mzigo likipita pembe huvunjika. Viwango vya Marekani vinataka gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu na asilimia 95 mahali penye maji.

Wapita njia na wapangaji

Njia za kutokea wakati wa moto hazifungwi zote kwa pamoja hata usiku mmoja. Mistari ya vigae hupimwa kwa sakafu nzima kabla ya usiku wa kwanza, la sivyo kipande cha wiki ya pili hakitakutana na cha wiki ya kwanza. Mpangaji naye ana haki ya kujua mapema mlango wake utazibwa lini. Siku mbili bila wateja kwa duka dogo zinaweza kula faida ya mwezi, na suala la kupunguziwa kodi hujadiliwa vizuri zaidi kabla ya kazi kuanza.

Mianya hujazwa grauti. Jikoni mwa mikahawa hutumika ya epoksi, isiyoliwa na mafuta wala asidi. Kila mita 6 hadi 7.6 ndani ya jengo huachwa mwanya wa kupumulia unaojazwa silikoni. Maboksi machache ya vigae yenye namba ileile ya toleo huhifadhiwa stoo, kwa kuwa rangi ya toleo jingine huweza kutofautiana.