Mjusi wa Tendaguru: Kwa nini mifupa ya Lindi iko Berlin?

Katika jumba la makumbusho ya viumbe asilia jijini Berlin, Ujerumani, kuna mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Watanzania wengi wanamjua kama mjusi wa Tendaguru, kilima kilichopo Lindi, kusini mwa Tanzania.

Alifikaje huko?

Ilianza 1906
Mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa hiyo ikiwa imejitokeza ardhini. Wenyeji walishaijua, lakini vitabuni aliyeandikwa kuwa mgunduzi ni yeye.

Wakati huo kusini kulikuwa kwenye Vita vya Maji Maji (1905–1907). Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Wanasayansi wa Berlin walipofika mwaka 1909, walikuta watu waliokuwa wanahitaji ujira wowote ule.

Nani walifanya kazi?
Hadi mwaka 1913, mamia ya Waafrika walichimba, wakasafisha na kufunga mifupa. Kisha wapagazi waliibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini.

Walipata wapi ruhusa?
Walijipa wenyewe. Mwaka 1895 utawala wa Kijerumani ulitangaza kuwa ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola. Nani hana ardhi, waliamua wao. Kwa hiyo sheria ile ile iliyochukua mashamba ndiyo iliyofungua njia kwa sayansi.

Hata jina lina historia
Mwaka 1914 mjusi huyo aliitwa Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho hayo. Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika wa uchimbaji, alisubiri hadi 2007 ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru akapewa jina lake: Australodocus bohetii.

Atarudi?
Suala hilo limeshafika hadi bungeni Tanzania. Wapo wanaotaka arudishwe, na wapo wanaosema bora Ujerumani isaidie utafiti na makumbusho hapa nyumbani.

Kwa sasa, mtoto wa Lindi akitaka kumwona mjusi wa kwao, lazima awe na pasipoti, viza na tiketi ya ndege.