Kabla ya kumwongezea wakala mkataba, tikiti zihesabiwe

Shangazi yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo mtoto yeyote hakuruhusiwa kulifungua. Tulidhani ndani mna pesa. Kumbe mlikuwa na tikiti za ushuru wa soko, nyingine zimelowa mafuta, zimefungwa kwa mpira mwezi baada ya mwezi.

Aliuza mukene, dagaa ambao wenzetu wa Kenya huwaita omena. Aliwanunua Masese, pale Jinja ufukoni mwa ziwa, akapakia magunia kwenye lori la usiku lipitalo Iganga na Tirinyi, na alfajiri ikamkuta Mbale. Masese analipa, Mbale analipa. Na gari likisimama kwenye gulio la njiani akashusha debe moja auze, hapo pia kijana mwenye kitabu cha tikiti yuko mbele yake kabla hajatandika gunia.

Mimi sikuyajua hayo kwa muda mrefu. Wazazi wangu walivuka mpaka wa Malaba mwaka 1987, vita vilipopamba moto Teso, nami nikasomea Bungoma hadi nikawa mwalimu. Niliporudi mwaka 2003 nilikuwa na Kiswahili kingi na jamaa wachache. Shangazi alinipokea, akanionyesha kopo lake na kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, huyu anayenitoza kila siku, ni mtu wa serikali au ni mfanyabiashara kama mimi?"

Ndugu msomaji, jibu ni kwamba alikuwa mfanyabiashara. Baada ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, wilaya na manispaa nyingi za Uganda ziliacha kutoza ushuru wa masoko na vituo vya magari kwa watumishi wao, zikatoa tenda. Mshindi huahidi kuilipa halmashauri kiasi fulani kila mwezi. Akikusanya zaidi ya hicho, ziada ni yake. Akikusanya pungufu, hasara ni yake. Kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005, halmashauri zilipoteza tegemeo lao kubwa, na macho yote yakageukia soko. Kazi ya kutoa tenda, ambayo hapo awali ilikuwa ya bodi za tenda za wilaya, ikahamia kwa kamati za kandarasi za halmashauri zenyewe kwa kanuni za mwaka 2006.

Hebu tupige hesabu ya darasani. Tuseme soko lina wauzaji 400, kila mmoja analipa shilingi 500 kwa siku, na soko linafunguliwa siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 5,200,000. Tuseme tena kwamba wakala aliahidi kuilipa halmashauri 2,500,000. Zinabaki 2,700,000 za mishahara ya vijana wake, uchapaji wa tikiti na faida. Huenda ni halali kabisa. Lakini ni nani ndani ya halmashauri anayejua kwamba wauzaji ni 400 na si 250? Asipojua, bei ya kuanzia tenda anaipata wapi? Mara nyingi anaitoa kwenye mkataba uliopita, anaongeza kidogo, basi. Mtafiti Odd-Helge Fjeldstad wa Norway na wenzake waliochunguza utozaji huu katika Uganda ya vijijini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta jambo hilo hilo: bei za tenda zilipangwa chini mno, na sehemu kubwa ya alichotoa mwananchi ilibaki mikononi mwa wakala.

Mwaka 2011 jambo hili lilinifika mlangoni. Wauzaji wa soko moja, ambalo jina lake naliacha, waliitwa mkutanoni kwa sababu mkataba wa wakala ulikuwa unakwisha na yeye alikuwa ameomba nyongeza. Shangazi alinichukua nimwandikie. Ofisa aliyekuja alisema maneno machache: wakala amelipa kila mwezi, hana deni, na kutangaza tenda upya kunagharimu pesa na muda. Watu wakaguna. Ndipo shangazi akasimama, akafungua kopo na kumwaga tikiti za mwezi mmoja juu ya meza.

"Mheshimiwa, mwezi uliopita nilifungua siku ishirini na sita," alisema. "Nililipa siku ishirini na sita. Mwalimu, zihesabu."

Nilizihesabu mara mbili maana mikono ilikuwa inatetemeka. Zilikuwa 11. Siku 15 alilipa pasipo kupewa karatasi. Kwa hiyo hata kama mtu angekuja kukagua vitabu vya tikiti vya yule wakala, angelikuta soko dogo kuliko lilivyo, na wakala angelia hasara akiomba apunguziwe. Mkataba uliongezwa kwa miezi sita hata hivyo. Shangazi alizoa tikiti zake, akazirudisha ndani ya kopo.

Nisieleweke vibaya. Simtetei mtoza ushuru wa halmashauri wa zamani, ambaye naye alijua kula. Na wakala hubeba hatari za kweli. Mvua ikinyesha siku ya gulio, yeye bado anadaiwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia na wauzaji wa chakula wakaamriwa kulala sokoni huku wa nguo wakifunga, ahadi ya kila mwezi iliyoandikwa kabla ya gonjwa haikujua habari hiyo. Nasema tu kwamba swali la "amelipa?" halitoshi. Mpangaji wa nyumba pia hulipa kila mwezi huku amepangisha vyumba vitano kwa siri.

Tazama jinsi mwenye jengo pale Main Street ya Jinja anavyolindwa. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 2005 inataka orodha ya thamani ya majengo iandaliwe na wathamini, na inaamuru angalau asilimia 75 ya kodi hiyo itumike kwa huduma za wanaoilipa: barabara, taa, mitaro, uzoaji wa taka. Ni pesa iliyozungushiwa ua. Ushuru wa mama wa mukene haukuwekewa ua huo katika sheria ile. Ukikusanywa na divisheni ya mji, nusu hubaki divisheni na nusu hupanda juu, na choo cha soko husubiri zamu yake kwenye bajeti.

Wenzetu walijaribu njia nyingine. Nairobi iliingia mkataba na JamboPay mwaka 2014, wakala wa kielektroniki aliyelipwa kwa asilimia ya makusanyo. Kwa hesabu hiyo wakala hawezi kuficha ukubwa wa soko bila kujipunja mwenyewe, ingawa nao ulizua ugomvi wake. Ulikwisha mwaka 2019, na mwaka uliofuata ukusanyaji ukakabidhiwa KRA. Kampala nayo iliwaachia UTODA vituo vya taksi kwa miaka mingi, hadi KCCA ilipoanza kazi mwaka 2011 na kuwaondoa.

Huku kwetu, masoko makuu ya Jinja na Mbale yamejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tangu tarehe 1 Julai 2020 miji yote miwili ni majiji. Sheria mpya ya masoko ya mwaka 2023 imechukua nafasi ya ile ya mkoloni ya mwaka 1942. Tume ya Fedha ya Serikali za Mitaa nayo imeleta mfumo wa IRAS, ambapo mlipaji hupata namba na kulipa kwa benki au simu. Namba hiyo ni tikiti isiyolowa mafuta. Lakini mfumo huhesabu waliosajiliwa tu. Anayetandaza nyanya nje ya lango saa kumi na moja alfajiri hana namba, na kijana wa kumtoza bado anakuja.

Ninachoomba kwa madiwani na kamati za kandarasi ni kidogo. Miezi mitatu kabla ya mkataba wowote kwisha, tumeni watu wenu, si wa wakala, wakahesabu wauzaji siku ya gulio, siku ya kawaida na siku ya mvua. Bandikeni hesabu hiyo langoni pamoja na kiasi alichoahidi wakala. Kisha ndipo muulize kama aongezewe. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeimaliza kazi hiyo kwa asubuhi tatu.

Shangazi hatuko naye tena. Binti yake ndiye anayekwenda Masese sasa, na juzi alinionyesha simu yake: jumbe za malipo, moja baada ya nyingine, hakufuta hata moja. Aliniuliza kama kuna duka Mbale linaloweza kuzichapa kwenye karatasi. Kopo bado lina nafasi.